Neno Usilolijua Huja na Jamaa Zake

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, sehemu ya ufahamu humtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno "kama yalivyotumika" katika kifungu. Mimi hufundisha somo hili, na naona wengi wakilichukua swali hilo kama mtihani wa kumbukumbu: ama ulilikariri neno, ama hukulikariri. Swali lenyewe linamwomba arudi kwenye kifungu asome.

Chukua sentensi hii: "Ukata ulipomzidi, Juma aliuza hata baiskeli aliyoitegemea kwa kazi." Mwanafunzi anayetazama umbo la neno pekee ataandika "hali ya kukata". Lakini katika sentensi hamna kisu wala kinachokatwa. Mwambie asikilize vitenzi. "Ulipomzidi": kumbe ukata ni kitu kinachoweza kumlemea mtu. "Aliuza": anahitaji fedha. Kisha lile "hata", ambalo wengi hulipita mbio, linatuambia kwamba baiskeli ndiyo aliyopaswa kuiuza mwisho. Umaskini, basi. Na aliyewahi kusikia maskini akiitwa mkata amefika mapema zaidi.

Hapa ndipo ninapotamani walimu tukae kwa muda mrefu, kwa sababu Kiswahili kina dalili ambazo lugha nyingi hazina. Upatanisho wa ngeli humbainishia msomaji maana kabla sentensi haijaisha. "Kaa alimuumiza kidole" na "Kaa lilimuumiza kidole" zinatofautiana kwa kiambishi tu, lakini ya kwanza iko ufuoni na ya pili iko jikoni. "Mbuzi amevunjika" tunamwita daktari wa mifugo. "Mbuzi imevunjika" nazi haikuniki leo. Viambishi vya mwisho navyo hufanya kazi hiyohiyo. Ukikutana na "walihasimiana", -an- inakwambia jambo hilo lina pande mbili, kila upande ukimtendea mwenzake. Sentensi ikiendelea, "hata mazishini hawakusalimiana", ugomvi umejidhihirisha.

Viunganishi ni rahisi zaidi: "yaani" huleta maana yenyewe, "ilhali" na "lakini" mara nyingi huleta kinyume chake.

Hata hivyo, si kila sentensi inasaidia, na hili hatuliambii darasa vya kutosha. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin walionyesha kwamba miktadha haifanani: ipo inayoelekeza, ipo isiyosema lolote, na ipo inayopotosha. "Alikwenda kwa shangazi yake kutafuta maliwazo" haisemi kitu. Huenda ni chakula, ushauri au karo. Ongeza "baada ya kufiwa na mumewe", na faraja inaonekana. Inayopotosha ni kama hii: "Ukumbi mzima ulimpigia Asha makofi, na Zena akamtazama kwa kijicho." Makofi yanakuvuta udhani ni upendo, umbo la neno linakuvuta udhani ni jicho dogo. Ni husuda.

Tena kukisia kunahitaji maneno mengine yawe yanajulikana. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliohusu wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba wasomaji wengi walihitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili waielewe hadithi bila msaada, yaani neno geni 1 katika kila 50. Mtoto aliyepewa kifungu chenye maneno mageni matano katika mstari hana cha kukisia kwacho. Tumpe kifungu chepesi zaidi.

Akishapata maana, aiweke mahali pa neno lile na aisome sentensi nzima kwa sauti ya chini. Kama kifungu kinasema "alighadhibika", jibu ni "alikasirika", si "kukasirika" wala "hasira". Nafsi na wakati vibaki vilevile. Jibu likikataa kukaa, aanze na sentensi iliyotangulia, kisha inayofuata. Zikinyamaza zote mbili, aliwekee neno alama na aendelee kusoma, kwani mara nyingi mwandishi hulirudia jambo lilelile kwa maneno mepesi aya moja au mbili mbele.