Anataja herufi zote, lakini hasomi

Wiki iliyopita, saa ya uji, baba mmoja alisimama mlangoni kwa darasa langu akiwa ameshika daftari la mwanawe. Hakuja kwa ugomvi. Alisalimia vizuri, akaniulizia hali ya kazi, kisha akatoa lililomleta: "Mwalimu, huu ni mwezi wa tatu, na huyu bado mko naye kwenye ma, me, mi. Mtoto wa jirani yangu, umri wao mmoja, anataja A mpaka Z bila kukwama. Tatizo liko wapi?"

Ni mzazi wa saba mwaka huu kuniuliza swali hilo. Wa kwanza nilimjibu kwa utulivu na kalamu mkononi, nikamchorea na mifano. Huyu wa saba nilimjibu kwa haraka kuliko alivyostahili, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watoto wanaomwaga uji. Kwa hiyo namjibu hapa, yeye na wote wenye swali lake.

Nafundisha darasa la kwanza, shule ya serikali, Kanda ya Ziwa, mwaka wa 14 sasa. Mwaka huu nina watoto 87. Kipindi ni dakika 30. Gawanya mwenyewe: kila mtoto ana sekunde 20 za mwalimu wake, na hapo hatujahesabu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni wala anayelia kwa kuporwa penseli. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 sijakiona kiwango hicho, na bado nafurahi kwamba hao watoto wamekuja, kwa sababu najua wengine wangekuwa porini na ng'ombe.

Kazi yetu darasani ni KKK. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipopangwa upya mwaka 2015, uzito mkubwa uko kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Tunaimba, ndiyo. Tunachora herufi hewani kwa kidole, tunaziandika mchangani, tunazifinyanga kwa udongo. Mzazi anayepita dirishani anaona mchezo. Mtoto wa miaka sita ambaye vidole vyake havijawahi kushika penseli anajengwa mkono kwa udongo huo huo. Ukimpa daftari la mistari siku ya kwanza atatoboa karatasi.

Sasa tuje kwenye A mpaka Z.

Herufi ina jina na ina sauti, na hivi ni vitu viwili. Jina la herufi ni kama jina la mtu: linakusaidia kumwita. Sauti ndiyo kazi yake ndani ya neno. Ukitaka kusoma neno "baba" unahitaji sauti, jina halikusaidii. Mtoto wa jirani aliyefundishwa "ei, bii, sii, dii" ukimwandikia "baba" atakwambia "bii, ei, bii, ei", kisha atakutazama usoni akusubiri umpongeze. Na watu wazima wanampongeza. Anapigiwa makofi sebuleni, wageni wanaambiwa huyu ni mkali, na neno lenyewe halijasomwa.

Hizo tena si herufi zetu. Majina yetu ni a, be, che, de. Alfabeti ya Kiswahili haina q wala x, na c haisimami peke yake, inakuja na h kutengeneza ch. Ukihesabu hivyo unapata 24. Baada ya hapo zinakuja sauti ambazo wimbo wa A mpaka Z hauna habari nazo kabisa: dh, gh, kh, ng', ny, sh, th. Mtoto aliyemaliza wimbo wote hajakutana na sauti ya kwanza ya neno ng'ombe, na huku kwetu mtoto anamjua ng'ombe kabla hajajua viatu.

Nikuonyeshe jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Mwaka fulani alihamia kwangu mtoto wa kiume kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mama yake aliniambia amekwisha kumaliza herufi zote. Nikatoa imla ya maneno matano mafupi. Nilipofika kwenye dawati lake nikakuta ameandika kwa mwandiko mzuri sana: bb. Neno lilikuwa "bibi". Nikamwambia nisomee. Akaweka kidole chini ya b ya kwanza, akasema "bi", akasogeza kidole, "bi". Bibi. Chini yake ameandika pp, yaani "pipi". Kwa akili yake hakukosea hata kidogo. Alifundishwa kwamba kile kijiti chenye tumbo kinaitwa "bii", akakitumia kama alivyofundishwa. Kumwondoa hapo kulinichukua muhula mzima, na katika muhula huo mtoto aliyekuja hajui lolote alimpita.

Kiswahili kina bahati kubwa, na bahati hii ndiyo inayopotezwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta. A ya "baba" ni a ya "shangazi". Mtoto akishika a, e, i, o, u na sauti ya m, anasoma mama, mimi, umeme, moma. Akiongezewa b tu, anasoma baba, bibi, bomu, embe, mabomba. Anasoma kweli, neno ambalo hajawahi kuliona, bila picha. Ndiyo maana mwezi wa tatu niko kwenye konsonanti chache. Sijachelewa. Natumia chache hizo kumfundisha kuunganisha, na kuunganisha ndiko kusoma kwenyewe. Akijua kuunganisha kwa herufi kumi, nyingine zinaingia upesi mno. Kuna wiki naingiza tatu.

Hapa lazima niseme ukweli ambao vitabu vya kiongozi cha mwalimu vinaupitia juu juu. Kwenye semina niliyohudhuria tulisisitiziwa tuanze na sauti tupu ya konsonanti, kisha mtoto aiunganishe na irabu. Kwa m hakuna tatizo, unafunga midomo na kuivuta, mmmm, kisha unaifungua, a. Ma. S nayo inavutika, l inavutika, f inavutika. Lakini jaribu b. Hebu itamke peke yake. Huwezi, inakufa mdomoni. Ukiilazimisha inatoka "bu". Mtoto anasikia "bu", anaongeza "a", anapata "bua". Baba anakuwa "buabua". Nimewahi kuwa na safu nzima ya watoto wakisoma "kuakua" nikitaka "kaka". Ni p, t, k, b, d, g, na maneno yetu yamejaa hizo.

Ninachofanya mimi, na sijui kama mkaguzi ataniunga mkono: kwa sauti zinazovutika nafundisha sauti tupu. Kwa hizi zinazokatika narudi kwenye silabi za bibi zetu, ba be bi bo bu, moja kwa moja. Ila nikishamaliza ba be bi bo bu kwa mpangilio, navuruga. Naandika bo, ba, bu, be, bi. Wanaoendelea kuimba "ba be bi bo bu" huku kidole kiko kwenye bo, nawajua hapo hapo. Silabi zikiimbwa kwa mpangilio ule ule kila siku, zinakuwa wimbo mwingine kama A mpaka Z. Kuna walimu wenzangu ninaowaheshimu wanaofundisha sauti tupu kwa herufi zote na watoto wao wanasoma. Kwa hiyo sisemi njia yangu ndiyo pekee. Nasema nimeiona ikifanya kazi kwa watoto 87.

Shaka yangu nyingine ni m inayotangulia. Tunapiga makofi kuhesabu silabi. Mtu: m-tu, mawili. Mbuzi: mbu-zi, mawili. Lakini mbu, yule mdudu wa malaria, ni m-bu, mawili pia, kwa sababu hapo m inasimama yenyewe. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilipigisha watoto makofi matatu kwa mbuzi, m-bu-zi, hadi mtoto mmoja aliponikazia macho na kusema "Madam, hatusemi hivyo." Alikuwa sahihi. Kuna "mbuni", yule ndege mkubwa, na "mbuni" anayebuni vitu. Maandishi ni yale yale, makofi hayalingani. Mtoto wa miaka sita utamweleza nini? Mimi simwelezi. Namwambia sema neno kama unavyolisema nyumbani, kisha piga makofi. Sikio lake linajua kuliko ubao wangu.

Na hapo kwenye nyumbani kuna jambo linaloniuma. Wengi wa watoto wangu nyumbani ni Kisukuma. Kiswahili wanakikuta sokoni na kwangu. Mtoto anasoma "thelathini" anatamka "selasini". Anasoma "barabara" inatoka "balabala". Nimeshuhudia mtu mzima, mwenye elimu yake, akimzomea mtoto kwa hilo mbele ya wenzake: hujui kusoma wewe! Anajua. Ameona herufi, amezigeuza sauti, ameunganisha, amepata neno, na ukimuuliza barabara ni nini atakuonyesha ile inayopita nyuma ya shule. Ulimi utafuata. Ukimnyamazisha leo kwa sababu ya r, kesho hatanyoosha mkono hata kwa neno analolijua. Kwenye kuandika nakiri ni kazi ngumu, kwa sababu akiandika "kula" nikitaka "kura" nimepata neno jingine kabisa, na dawa ya mara moja sina. Tunasoma sana, macho yanazoea.

Kukariri nako ni kwa kutazamwa. Mzazi ananiletea mtoto "anayesoma kitabu chote". Nafungua ukurasa wenye picha ya kuku, mtoto anatiririka, sentensi nne, macho yako dirishani. Nafunika picha kwa kipande cha boksi nilichokitoboa tundu dogo, nabakiza neno moja tu kwenye tundu. Kimya. Au anasema "kuku" mahali palipoandikwa "mtama". Huyo ana kumbukumbu nzuri, na nitaitumia, lakini bado hajaanza kusoma, na mama yake anaposhangilia anatunyima nafasi ya kugundua mapema.

Kuhesabu nitapita haraka, ingawa ugonjwa ni ule ule. Kutaja moja mpaka mia ni wimbo. Mtoto anayetaja mpaka mia, mpe vizibo vya soda 13 umwambie ahesabu, utaona kidole kinakimbia kuliko mdomo, anafika 17. Akiambiwa aandike kumi na mbili anaandika 102, yaani 10 halafu 2, na ukimsikiliza vizuri ameandika ulichosema. Dawa ni vijiti: kumi vifungwe pamoja kwa kamba, viwili vibaki nje. Afunge mwenyewe.

Yule baba wa wiki iliyopita, baada ya uji kufutwa, nilimwita ndani. Nikaandika ubaoni "moma", neno la nyoka ambalo sijawahi kulifundisha. Nikamwita mwanawe. Mtoto akasimama, akavuta m, akafungua o, mo. Akavuta tena, ma. Mo-ma. Kisha akageuka kwa haraka: "Moma! Babu alimuua nyuma ya zizi!" Baba yake alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa nyumbani nimfanyie nini?"

Nilimwambia achukue vizibo vya soda, aandike kwa wino herufi tulizokwisha kuzifundisha tu, kila moja vizibo vitatu. Jioni mtoto apange maneno mezani, hata yasiyo na maana, asome. Dakika kumi zinatosha. Akikwama, asimtajie jina la herufi, amtamkie sauti.

Jumatatu tunaanza n na y zikikaa pamoja. Atakaporudi nyumbani akakuonyesha, tafadhali usimwambie "eni, wai". Mwambie nyanya, nyuki, nyoka, polepole, na umwache autazame mdomo wako.