Je, wajua kwa nini mwalimu mwenye mshahara wa uhakika bado hana utulivu wa pesa?

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Uganda, mwenye cheti cha daraja la tatu, hulipwa kama shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Jirani yake anayeuza nyanya sokoni hajui kesho ataingiza ngapi. Hata hivyo, mwezi ukifika katikati, mara nyingi mwalimu ndiye anayebisha hodi kwa muuza nyanya kuomba amkopeshe. Mwenye kipato cha uhakika anamkopa asiye nacho. Imekuwaje?

Jibu la haraka ni kwamba mshahara ni mdogo, na ni kweli ni mdogo. Lakini utafiti wa sayansi ya jamii unaonyesha kwamba kiasi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni usemi: nani anaamua pesa hiyo iende wapi, na nani anaamua siku ya mwalimu kazini iendeje.

Mwaka 2015, ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa maelezo ya maana ya mtu kuwa na hali njema ya kifedha. Iliwahoji watu wa kawaida, na kutokana na majibu yao ikapata mambo manne: kumudu matumizi ya kila siku, kuweza kuhimili dharura, kuwa njiani kufikia malengo yako, na kuwa na uhuru wa kufanya yale yanayokupa furaha maishani. Kiasi cha mshahara hakimo katika hayo manne. Baadaye ikatunga maswali kumi ambayo majibu yake hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Wamarekani walipopimwa mwaka 2016, wastani wao ulikuwa 54, na watu wenye kipato kinacholingana walipishana sana. Kilichowatenganisha zaidi ni akiba ya kukimbilia siku mambo yanapoharibika.

Moja ya maswali hayo kumi ni kama lilitungwa kwa ajili yetu. Linauliza kama kutoa zawadi ya harusi au ya shughuli nyingine kungeyumbisha hesabu zako za mwezi mzima. Mwulize swali hilo mwalimu wa Busia, Mbale au Arua. Mwezi mmoja unaweza kumletea kadi ya mchango ya harusi ya mwenzake, kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) ya binamu, mabugo (rambirambi) ya msiba wa jirani na ada ya mtoto wa dada yake. Mwalimu hawezi kujificha, kwa sababu kijiji kizima kinajua ana mshahara, na kinajua unaingia lini. Muuza nyanya anaweza kusema biashara imelala na akaeleweka. Mwalimu akisema hana, wengi huchukulia kwamba anabana.

Swali jingine linagusa ndani zaidi: je, pesa ndizo zinazoyaendesha maisha yako? Hapa ndipo mkopo wa mshahara unapoingia. Benki zinampenda mwalimu wa serikali kwa sababu rejesho linakatwa moja kwa moja kabla pesa haijamfikia. Anakopa kununua kiwanja au kulipa karo, anakatwa kwa miaka, na kabla hajamaliza anaongezewa mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza. Benki ikigoma, anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na huyo anataka kadi ya ATM na namba yake ya siri. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji inakataza kushika kadi ya benki au kitambulisho cha taifa kama dhamana, lakini desturi hiyo haijakoma. Siku ya mshahara, mkopeshaji anasimama kwenye mashine na kadi kadhaa zilizofungwa kwa mpira, anaingiza moja baada ya nyingine, anakata chake, na kinachosalia anamtumia mwalimu kwa simu. Mwalimu huyo hajaugusa mshahara wake, na pengine hajajua hata umeingia saa ngapi. Ukimwongezea shilingi 50,000, bado wa kwanza kuziona ni mkopeshaji.

Sasa twende darasani, maana huko nako kuna habari ya usemi. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamejenga kwa miongo kadhaa nadharia inayosema binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi: kujiona anaamua mwenyewe, kujiona anaweza, na kujiona ana watu. Naye mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile yenye madai makubwa na nafasi ndogo ya kuamua. Watafiti wa elimu wakatengeneza vipimo vya uhuru wa mwalimu, vinavyouliza kama anachagua mwenyewe njia za kufundisha, mpangilio wa somo na namna ya kupima wanafunzi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliwakuta walimu waliojiona huru zaidi katika mtaala wakiwa na msongo mdogo zaidi wa kazi.

Nchini kwetu mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtegemea sana mwalimu. Unamtaka abuni miradi, afuatilie kila mwanafunzi, na atoe tathmini ya shule yenye uzito wa asilimia 20 katika matokeo ya mwisho. Kwenye karatasi, huo ni uhuru mkubwa. Lakini mwalimu anayekimbizana na marejesho anafundisha shule mbili au tatu kwa wiki, na jioni ana masomo ya ziada. Mradi wa wanafunzi unataka muda wa kukaa na kufikiri, na muda huo ameshauuza. Kwa hiyo anarudia notsi za zamani, na shule inanunua mitihani iliyotungwa nje. Naamini kabisa kwamba uhuru wa darasani na uhuru wa mfukoni haviwezi kutenganishwa, na kwamba wanaoandika sera za kimoja bila kingine wanamwonea mwalimu.

Je, basi dawa si kuongeza mshahara tu? Indonesia walijaribu. Kwa sheria ya mwaka 2005 waliamua kuongeza maradufu mshahara wa msingi wa walimu waliothibitishwa, na kundi la wachumi likapima matokeo katika shule 360. Walimu waliopata nyongeza walipungukiwa na wasiwasi wa pesa, waliridhika zaidi na kipato chao, na waliokuwa na kazi za pembeni walipungua. Alama za wanafunzi, hata baada ya miaka miwili na mitatu, hazikupanda. Wapo wanaotumia utafiti huo kusema walimu wasiongezwe, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kumwondolea mtu wasiwasi ni jambo jema lenyewe. Kinachoonekana pale ni kwamba nyongeza ilibadilisha maisha ya mwalimu nyumbani, ikaacha kazi yake darasani kama ilivyokuwa.

Uganda tumeonja upande mwingine wa jambo hilo. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa sanaa, tukiwemo sisi tunaofundisha Kiswahili, tukibaki kwenye milioni 1 na kidogo. Mgomo ulizuka Juni mwaka huo. Wengi waliuona kama ugomvi wa fedha. Kilichouma zaidi katika ofisi za walimu ni kuambiwa, bila kuulizwa, kwamba somo lako lina thamani ya robo ya somo la jirani yako wa dawati.

Tafiti mbili zilizofanyika hapa hapa nchini zinatoa mwanga zaidi. Ya kwanza ilihusu shule 100 za msingi. Baadhi ya shule zilipewa kadi ya tathmini iliyoandaliwa tayari, ili kamati ya shule iitumie kufuatilia maendeleo. Nyingine ziliachiwa zitunge kadi yake, walimu na wazazi wakikaa pamoja kuamua nini kipimwe. Pale walipojitungia wenyewe, utoro wa walimu ulipungua na alama za watoto zikapanda. Pale walipoletewa kadi tayari, hakukuwa na mabadiliko ya maana.

Ya pili, iliyofanywa na wachumi Dean Karlan na Leigh Linden katika shule 136 za msingi, ilihusu akiba za wanafunzi. Watoto waliweka shilingi zao katika sanduku la shule lenye kufuli. Kundi moja liliahidiwa kurudishiwa fedha taslimu mwisho wa muhula, jingine vocha ya kununulia vifaa vya shule tu. Ungedhani vocha ingeshinda, kwa sababu inazuia pesa isipotee kwenye maandazi. Ikawa kinyume. Waliobaki na haki ya kuamua waliweka akiba zaidi, na pale wazazi wao walipohusishwa, walinunua vifaa zaidi na alama zao zikapanda. Kifungo kikali kiliwafanya watu walete pesa kidogo tangu mwanzo.

Ndiyo maana nawaheshimu sana walimu wenzangu walioanzisha kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Hapo wao ndio wanaopanga riba, wanapatana kiasi cha kuweka, na wana mfuko mdogo wa dharura usiohitaji kadi ya mtu kuwekwa rehani. Kikundi kama hicho hakiongezi mshahara hata shilingi moja. Lakini mwanachama akifiwa usiku wa Jumatano, anapata nauli na sanda kabla ya Alhamisi saa sita, kutoka kwa watu wanaomjua, kwa masharti aliyoshiriki kuyatunga, na mshahara wake wa mwisho wa mwezi unamkuta kadi ikiwa mfukoni mwake.