Kuunganisha data za ramani za serikali na tovuti ya data huria: maana yake nini?

Mjumbe wa kamati ya skuli huko Micheweni, Pemba, akitaka kujua ni skuli zipi za wilaya yake ziko mbali na bomba la maji, kila kipande cha jibu kina ofisi yake. Orodha ya skuli ni ya Wizara ya Elimu. Mabomba na visima ni vya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Ramani na mipaka ya ardhi ni kazi ya Kamisheni ya Ardhi. Idadi ya watu kwa kila shehia (eneo dogo la utawala chini ya wilaya) iko kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Hakuna hata moja ambayo ni siri, lakini kuzipata zote nne na kuzilaza juu ya ramani moja ni shughuli ya barua, mihuri na pengine safari ya boti kwenda Unguja.

Dhana tunayoieleza hapa inahusu namna ya kuifupisha shughuli hiyo. Ina sehemu mbili ambazo zimekua mbalimbali.

Ya kwanza ni miundombinu ya data za kijiografia. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria kompyuta kubwa yenye ramani ndani. Kompyuta imo, ila uzito uko kwenye makubaliano: ofisi gani inamiliki tabaka lipi la ramani (barabara, majengo, mikoko, visima, mipaka ya shehia), vipimo gani vitumike, kila tabaka liambatane na maelezo gani, na mwingine alipate kwa njia ipi. Wateja wake wakubwa ni wapimaji, watu wa mipango miji na wahandisi.

Ya pili ni tovuti ya data huria, ambako serikali huweka data zake ili yeyote azipakue, azitumie na kuzichapisha upya bila kuomba ruhusa. Tanzania iliifungua ya kwake, opendata.go.tz, katika kipindi ilipokuwa mwanachama wa Mpango wa Uendeshaji Shughuli za Serikali kwa Uwazi, ambao ilijiunga nao 2011 na kujitoa 2017. Tovuti za namna hii hupendelea majedwali: safu na mistari, unafungua kwenye Excel, basi. Wateja wake ni waandishi wa habari, wanafunzi, na vijana wanaotengeneza programu za simu.

Sasa, kuviunganisha viwili hivi. Njia inayomjia mtu haraka ni kuchukua mafaili ya ramani na kuyapandisha kwenye tovuti. Nadhani hapo ndipo miradi mingi inapoanza kuharibika. Faili likishanakiliwa linaanza kuzeeka siku hiyo hiyo. Kamisheni itarekebisha mpaka wa shehia kwenye mashine yake, tovuti itabaki na mpaka wa zamani, na baada ya mwaka kutakuwa na ramani mbili za serikali zinazobishana.

Zanzibar kuna sababu nyingine ya kutonakili. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha ndege hizo wenyewe. Eneo lililolengwa linazidi kilomita za mraba 2,300, na picha ni kali kiasi cha kuona bati la paa lililochomoka. Picha za namna hiyo ni nzito mno. Kipande cha mji mmoja tu kinaweza kula bando la mwezi la mwanafunzi wa Wete kabla hakijamaliza kushuka. Dawa yake ni huduma ya ramani, kwa mfano ile iitwayo WMS: unapoitazama Wete, seva inakutumia Wete peke yake, kwa ukubwa wa skrini yako, na picha nzima inabaki ilipo.

Kwa hiyo data hukaa kwa mwenyewe, na kinachosafiri kwenda kwenye tovuti ya data huria ni maelezo yake. Wenyewe kazini huita kuvuna. Kila usiku, au kila wiki, programu ya tovuti inapiga hodi kwenye katalogi ya data za ramani na kuuliza: kuna kipya? Kilichobadilika kinavunwa, kilichofutwa kinaondolewa. Lugha ya mazungumzo hayo inajulikana duniani kwa kifupi CSW, na programu huria kama GeoNode kwa upande wa ramani na CKAN kwa upande wa tovuti zinaielewa. Shirika lisilo na fedha nyingi halilazimiki kununua kitu.

Rekodi moja inayovunwa inakuwa na jina la tabaka, ofisi inayolimiliki, tarehe ya marekebisho ya mwisho, leseni, kiungo cha kulifungulia, na eneo linalohusika. Hilo la mwisho huandikwa kama boksi la namba nne. La Pemba ni longitudo 39.6 hadi 39.9, na latitudo kiasi cha -5.5 hadi -4.8. Alama ya kutoa ina maana ya kusini mwa ikweta. Karani akiisahau, kompyuta haitalalamika: itaichukua Pemba nzima na kuiweka kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Negele. Mtu anayetafuta data za Pemba kwa kuchora duara kwenye ramani hatazipata milele, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuna ugonjwa mwingine wa jamaa hiyo hiyo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS zinatumia WGS84. Sehemu ile ile ikiandikwa kwa mifumo hiyo miwili, majiranukta yake (namba za longitudo na latitudo) yanaachana karibu mita 300. Shamba kubwa la mikarafuu unaweza usishtuke. Mji Mkongwe, mita 300 zinatosha kulichukua jengo la Forodhani na kulitosa baharini. Ndiyo maana rekodi isiyotaja mfumo wa majiranukta haifai kuvunwa hata kama sehemu nyingine zote zimejazwa vizuri.

Tuje kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo gumu kuliko teknolojia yote: ufunguo wa kuunganishia. Jedwali la watu halina ramani, ramani haina watu, na kinachoviunganisha ni jina au namba ya mahali. Jina halitoshi. Mtu mmoja ataandika "Mtambwe Kaskazini", mwingine "Mtambwe Kask.", na kwa kompyuta hizo ni sehemu mbili. Inatakiwa kila shehia iwe na namba yake ya kudumu, ile ile kwa watu wa maji, wa afya, wa elimu na wa sensa.

Na hata namba ina historia. Katika sensa ya 2012 Unguja ilikuwa na wilaya moja ya Magharibi. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, inazo mbili: Magharibi A na Magharibi B. Ukichukua jedwali la 2012 ukaliweka juu ya ramani ya leo, wilaya hizo mbili zitatoka tupu, kama vile zamani hapakuwa na mtu anayeishi huko. Kwa hiyo tabaka la mipaka linatakiwa litunzwe kwa tarehe, la 2012 na la 2022 yote yawepo, na kila jedwali liseme linakwenda na lipi. Lakini nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mpaka wa shehia? Tawala za mikoa wanaitangaza, Kamisheni wanaichora, watu wa takwimu wanaihesabu. Hilo halijibiwi na programu. Wakubwa wa ofisi hizo wakae, wakubaliane, waandike.

Neno "taifa" nalo kwetu lina mambo yake. Kwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, takwimu zimo katika orodha ya mambo ya Muungano, ardhi haimo. Sensa inafanywa kwa pamoja, lakini kiwanja cha Chake Chake hakihusiani kabisa na Wizara ya Ardhi iliyoko Dodoma. Tovuti ya data huria ya taifa ikitaka ramani za Zanzibar, haina wa kumwamuru. Inavuna kwa hiari kutoka katalogi ya Zanzibar. Kwa bahati, uvunaji hauna tabu na hilo. Katalogi moja inaweza kuvunwa na tovuti mbili, ya Zanzibar na ya Muungano, na mmiliki akabaki yule yule.

Marekani walipitia mlango huo huo. Rais Clinton alitia saini amri ya miundombinu ya taifa ya data za kijiografia 1994. Tovuti ya data.gov ikaja 2009, na kwa miaka kadhaa kulikuwa na katalogi ya ramani upande huu na ya data nyingine upande ule. Baadaye zikawekwa pamoja katika katalogi moja iliyojengwa kwa CKAN na kuvuna kutoka idara mbalimbali.

Si kila tabaka liende huko. Majina ya wenye viwanja, nyumba za wagonjwa wa kipindupindu, na mahali kasa wanapotagia kisiwani Misali ni mambo ya kubaki ndani, au kutolewa kwa ujumla wa shehia au wilaya. Ila rekodi yake iwepo hata hivyo, iseme data hizi zipo, ni za ofisi fulani, na hazitolewi kwa sababu hii. Mwananchi akijua kitu kipo anaweza kukiombea ruhusa.

Ukitaka kupima kama uunganishaji umefanyika kweli, usisome taarifa ya uzinduzi. Nenda kwenye tovuti, chagua tabaka moja, tuseme mipaka ya shehia za Pemba, halafu tazama mambo matatu: tarehe ya marekebisho ni ya lini na inalingana na ile iliyo kwa mmiliki, kiungo cha huduma kinafunguka ndani ya programu huria ya ramani ya QGIS na kuonyesha Pemba pale ilipo, na safu ya namba za shehia inafanana, tarakimu kwa tarakimu, na ile ya jedwali la sensa.