Filamu ikiharibika, wa kulaumiwa ni mwandishi wa riwaya?

Kwenye vibanda vya video vya Kampala, wengi huamini kwamba riwaya tamu ya kijana anayekua ikigeuzwa filamu ikachusha, mwandishi ndiye aliyeiharibu. Si ajabu, jina lake limo kwenye bango. Lakini mara nyingi yeye huuza tu haki ya kuigeuza riwaya kuwa filamu, na mswada wa filamu huandikwa na mwingine. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 hivi, na riwaya ndefu lazima ikatwe. Mawazo ya ndani ya kijana, ambayo ndiyo utamu wenyewe, ni magumu kuonyeshwa. Tazama majina yanayopita mwishoni: aliyeandika riwaya na aliyeandika mswada hutajwa kila mmoja kivyake. Na chumvi anayotia VJ, yule anayetafsiri filamu papo hapo kibandani, jamani, haimo hata kwenye filamu.