Nyama ya kuchemsha na mboga za mizizi: maswali na majibu

Nyama ioshwe kabla ya kuinjikwa?

Usiioshe. Maji yanayoruka hubeba vijidudu vya nyama mbichi hadi kwenye sinki, ubao na kachumbari iliyo karibu, na kachumbari haipiti motoni. Vijidudu vilivyo juu ya nyama vitakufa sufuriani. Ukiona chembe za mfupa, zipanguse kwa karatasi ya jikoni, kisha nawa mikono kwa sabuni na uoshe kisu kabla hakijagusa karoti.

Na lile povu la kijivu linalopanda maji yakianza kuchemka?

Ni protini ya nyama iliyoganda kwa joto. Si uchafu wala sumu. Liengue kwa kijiko ili supu iwe safi kwa macho. Likibaki, hakuna atakayeugua.

Vipimo na mpangilio ni upi?

Kwa watu sita: nyama ya ng'ombe ya kidari au ya mguu yenye mfupa, kilo moja na nusu, maji lita mbili na nusu, karoti nusu kilo, viazi mviringo kilo moja, robo ya kabichi, kitunguu kimoja kizima na pilipili manga punje kumi.

Injika nyama katika maji baridi, engua povu, tia kitunguu na pilipili, kisha punguza moto. Iache saa mbili hadi mbili na nusu, mpaka uma uingie na kutoka bila kuvuta nyama. Hapo ndipo tia karoti zilizokatwa vipande vya urefu wa sentimita nne. Baada ya dakika kumi tia viazi vilivyokatwa nusu, na vikikaribia kuiva tia kabichi kwa dakika kumi za mwisho. Wengi hutia vyote kwa pamoja, ndiyo maana viazi hugeuka uji huku nyama bado ni ngumu.

Ndimu au nyanya zisubiri. Ukali wake huzuia kuta za viazi kulainika, na unaweza kuchemsha saa nzima kiazi kikabaki na kiini kigumu.

Nimechemsha kwa moto mkali, mbona nyama imekuwa kavu?

Nyama hizi zimeshikwa na kano na ngozi nyembamba zenye kolajeni. Kolajeni huyeyuka na kuwa ule utelezi wa supu, lakini inahitaji muda mrefu, si moto mkali. Maji yanayotokota kwa fujo hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua maji yake. Kwa hiyo tazama uso wa maji: viputo vichache vikipanda pembeni, katikati pakitikisika tu. Nyama ikiwa ngumu baada ya saa moja, usikoleze moto. Ongeza muda.

Virutubisho vyote si vinaishia kwenye maji?

Baadhi, ndiyo. Vitamini C na potasiamu hutoka kwenye mboga na kuingia kwenye maji, na vitamini C nyingine huharibiwa na joto. Ndiyo sababu ya kukata vipande vikubwa, na sababu ya kunywa supu badala ya kuimwaga. Karoti, kwa upande wake, hupata faida: ikiiva, mwili hufyonza karotini yake, ile rangi inayogeuzwa vitamini A, kwa urahisi zaidi, hasa kukiwa na mafuta kidogo.

Kuna wawili ambao ushauri wao ni tofauti. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu achemshiwe viazi peke yake, vikiwa vipande vidogo, katika maji mengi yatakayomwagwa, na asinywe supu. Mwenye jongo, yaani gauti, naye apunguze supu ya nyama, kwa kuwa purini za nyama, ambazo mwilini hugeuka asidi ya yuriki inayochochea jongo, huhamia humo.

Chumvi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula. Sufuria hii inatosheka na kijiko kimoja cha chai kwa wote sita, kikitiwa mwishoni, kwa sababu supu hupungua motoni na chumvi ya mwanzo huzidi kukolea. Vidonge vya supu ni chumvi pia. Ukitia kimoja, usiongeze nyingine kabla ya kuonja.

Ukitumia nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi, iloweke ndani ya friji kwa saa 12, ukibadilisha maji mara mbili au tatu, na usitie chumvi yoyote. Mwenye shinikizo la damu ni heri apike nyama freshi.

Mwenye kisukari apakue vipi?

Nusu ya sahani kabichi na karoti, robo nyama, robo viazi. Vipande vizima ni bora kuliko viazi vilivyopondwa, ambavyo hupandisha sukari haraka zaidi.

Naweza kutia mihogo?

Usiipikie kwenye supu hii. Mihogo ina viasili vya sayanidi, ambayo ni sumu, na supu hii tunainywa. Chagua mihogo mitamu, menya ganda lote pamoja na ngozi ya ndani, katakata vipande vidogo, anzia maji baridi mengi, chemsha bila mfuniko ili hewa ya sumu itoke, kisha mwaga maji. Mihogo michungu haitoshelezwi na kuchemshwa tu. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani nacho ni hatari, kwani sumu yake haiishi kwa kuchemshwa: kata sehemu ya kijani na machipukizi, na kikiwa kijani sana au kichungu, kitupe.

Kiporo kilale jikoni hadi asubuhi, kisha nikichemshe upya?

Hapa ndipo sufuria hii hudhuru watu, maana supu ilikuwa imechemka na kila mtu anaiamini. Mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens hustahimili kuchemka. Sufuria kubwa iliyofunikwa hupoa polepole, na katikati, penye uvuguvugu wa nyuzi joto 43 hadi 47 za Selsiasi, kijidudu huzaliana kwa kasi kubwa. Saa 6 hadi 24 baada ya kula, tumbo husokota na kuhara huanza.

Kisipitishe saa mbili nje. Toa nyama, ikate vipande, mimina supu kwenye vyombo vya kina cha sentimita tano, visimamishe ndani ya maji baridi, kisha weka kwenye friji. Maliza ndani ya siku tatu. Unapopasha, koroga mpaka itokote hadi katikati, na pasha kile tu kitakacholiwa. Iliyolala mezani usiku kucha imwage, hata kama hainuki, kwani baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi.