Utafiti wa maneno ya utafutaji: maana yake na matumizi yake katika uandishi wa tovuti

Utafiti wa maneno ya utafutaji ni kazi ya kubaini maneno ambayo watu huyaandika kwenye Google au mtambo mwingine wa utafutaji wanapotaka jambo fulani, kuyapima kwa wingi wa wanaoyatumia na kwa ukali wa ushindani uliopo, kisha kuamua kwa msingi huo kurasa zipi ziandikwe kwenye tovuti, zipewe vichwa gani na zijibu maswali yapi. Wengi huyaita „maneno muhimu". Istilahi hiyo inaeleweka, lakini inamwacha mwandishi akidhani kwamba yeye ndiye anayeamua neno lipi lina umuhimu, ilhali umuhimu huo hutoka kwa anayetafuta. Ndiyo maana hapa nimependelea kusema maneno ya utafutaji.

Tuchukue mfano wa tovuti ya ufugaji wa kuku inayoandikwa na daktari wa mifugo. Kwa mazoea ya taaluma yake, daktari huyo ataandika ukurasa kuhusu ugonjwa wa Newcastle, na kila alichokiandika kitakuwa sahihi. Mfugaji wa Tanzania, hata hivyo, ugonjwa huo huuita kideri au mdondo, na mara nyingi huwa hajafika hata kwenye jina, kwa kuwa anachokiona bandani ni kuku wanaohara kinyesi cha kijani, wanaopinda shingo na kufa wengi ndani ya siku chache. Akishika simu ataandika „kuku wanahara kijani" au „kuku anapinda shingo nini tatizo". Ikiwa ukurasa wa daktari hauna kideri, hauna mdondo, wala hauelezi dalili kwa maneno ya kawaida, huenda watu hawa wawili wasikutane kamwe, ingawa mmoja anatafuta kile kile ambacho mwenzake amekiandika. Kazi ya utafiti ni kuziba pengo hilo kabla ukurasa haujaandikwa.

Kulijua neno peke yake hakutoshi, kwa sababu nyuma yake kuna nia. Mwaka 2002 mtafiti Andrei Broder alichapisha uainishaji unaotumika hadi leo, akitenganisha watafutaji wanaotaka kujua jambo, wanaotaka kufika kwenye tovuti wanayoijua tayari, na wanaotaka kutenda jambo kama kununua au kupakua. Anayeandika „dalili za kideri" anataka maelezo, anayeandika „bei ya vifaranga" ana fedha mkononi au anapiga hesabu, na kumpa historia ndefu ya ufugaji ni kumpotezea muda. Njia nyepesi ya kuitambua nia ni kuliandika neno lenyewe kwenye mtambo na kutazama kinachojitokeza katika ukurasa wa kwanza: yakijaa matangazo ya wauzaji, mtambo umekwisha kuamua kwamba watu hao wanataka kununua.

Wakati mwingine neno la utafutaji hubeba kosa ndani yake. Mtu anapoandika „dawa ya kideri" anaamini kwamba dawa hiyo ipo, wakati ugonjwa huo husababishwa na virusi, hauna tiba, na kinga yake ni chanjo inayorudiwa kwa vipindi. Mwandishi afanye nini? Kulikwepa neno hilo kwa sababu halina usahihi ni kumwacha mfugaji aangukie kwa muuzaji atakayemwahidi chupa ya maajabu. Kulitumia kama chambo bila kusema kweli ni udanganyifu. Kwa maoni yangu lililo sawa ni kuliweka neno hilo kwenye kichwa, kama linavyoulizwa, na kueleza katika sentensi ya kwanza kabisa kwamba tiba hakuna, kisha kumwelekeza msomaji kwenye ratiba ya chanjo na kwenye hatua za kuwatenga kuku wagonjwa. Utafiti humwonyesha mwandishi jinsi swali linavyoulizwa. Haumlazimishi kukubaliana na dhana iliyomo ndani yake.

Maneno haya hutofautiana pia kwa urefu. Neno fupi kama „kuku" hutafutwa na wengi, lakini nia yake haijulikani (mapishi, ufugaji, bei?) na kurasa zinazolishindania ni nyingi mno. Kirai kirefu kama „chanjo ya vifaranga wa kienyeji siku ya kwanza" hutafutwa na wachache, ila kila mmoja wao anajua anachokitaka, na tovuti ndogo ina nafasi ya kuonekana. Google imewahi kueleza kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Hakuna orodha inayoweza kuyakamata hayo, kwa hiyo ukurasa ulioeleza jambo kwa kina na kwa lugha ya watu utayajibu hata yale ambayo mwandishi hakuyawaza.

Zamani kazi hii ilikuwa na sura nyingine. Wenye tovuti walirundika maneno kwenye sehemu ya ukurasa isiyoonekana na msomaji, au waliyarudia ndani ya makala hadi sentensi ikapoteza maana. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii ile orodha iliyofichwa kupanga matokeo. Mwaka 2013 ikaleta mfumo ulioitwa Hummingbird, uliolenga kuelewa swali zima badala ya neno moja moja, na mwaka 2019 ikaongeza BERT, unaosoma uhusiano wa maneno ndani ya sentensi. Wapo waliohitimisha kwamba utafiti wa maneno umekufa. Kilichokufa ni urundikaji. Mtambo unaoelewa visawe kwa Kiingereza, lugha yenye maandishi mengi kuliko zote kwenye intaneti, haupaswi kuaminiwa moja kwa moja kwamba utajua kuwa mdondo na kideri ni kitu kimoja.

Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapokutana na ugumu wake mahususi. Zana zinazojulikana zaidi ni chache. Keyword Planner ilitengenezwa kwa ajili ya wanaonunua matangazo ya Google, na kwa asiyelipia matangazo huonyesha makadirio mapana ya mara neno linavyotafutwa, kama „kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi". Google Trends, iliyoanzishwa mwaka 2006, haihesabu watu. Hulinganisha umaarufu wa neno kwa kipimo cha 0 hadi 100 katika kipindi na eneo lililochaguliwa. Kwa maneno mengi ya Kiswahili zana hizi hazina data ya kutosha, na mtu asiyejua mipaka yake huona sifuri na kudhani kwamba hakuna anayetafuta.

Mapendekezo ambayo Google huyashusha mtu anapoanza kuandika yana faida kubwa zaidi kwetu, lakini yanahitaji mkono unaojua sarufi. Nomino za Kiingereza hubadilika mwishoni, hivyo herufi za mwanzo hukusanya umoja na wingi pamoja. Zetu nyingi hubadilika mwanzoni: „ugonjwa wa kuku" na „magonjwa ya kuku" huanza kwa herufi tofauti na huleta mapendekezo tofauti, na ndivyo ilivyo kwa „kifaranga" na „vifaranga", au „kufuga", „ufugaji" na „nafuga". Mtafiti aliyejaribu umbo moja tu ameona sehemu ndogo ya picha.

Pamoja na hayo kuna tofauti za mahali. Zao ambalo Tanzania huitwa viazi mviringo, viazi ulaya au viazi mbatata, Mkenya wa Nairobi huliita waru bila kusita. Tovuti inayotaka kusomwa pande zote za mpaka italazimika kuyataja majina hayo kwa njia ya kawaida ndani ya maelezo, si kwa kuyapanga mstari mmoja kama bidhaa kwenye meza ya gulio. Halafu kuna mchanganyiko wa lugha: anayetaka mashine ya kutotolesha huenda akaandika inkubeta, ama kwa tahajia ya Kiingereza ama kwa jinsi alivyolisikia. Mwandishi anayelinda Kiswahili sanifu anaweza kuchukizwa, ila msomaji wake ndivyo anavyouliza.

Kwa sababu zana zinapwaya, sikio hufidia. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo husikia kila asubuhi maswali yale yale kwa maneno yale yale, na daftari likiwekwa kaunta kwa wiki mbili litatoa orodha ambayo hakuna programu inayoweza kuitoa. Makundi ya WhatsApp ya wafugaji ni chanzo kingine kizuri, mradi mtafiti achukue namna ya kuuliza na aache majina na namba za watu.

Wakati nao una uzito wake. Matokeo ya kidato cha nne Tanzania kwa kawaida hutangazwa Januari, na mchoro wa Trends wa maneno hayo hupanda ghafla na kushuka. Kuku wa nyama huchukua takriban wiki 5 hadi 6 kufikia kuuzwa, kwa hiyo mfugaji anayelenga soko la Krismasi hutafuta vifaranga mwanzoni mwa Novemba au kabla. Ukurasa uliochapishwa katikati ya Desemba umemkosa.

Orodha ikishapatikana, maneno yenye nia moja hukusanywa chini ya ukurasa mmoja. Kideri, mdondo, Newcastle na kuhara kijani havihitaji kurasa nne, kwani kurasa za tovuti moja zinazojibu swali moja hushindana zenyewe kwa zenyewe. „Bei ya chanjo ya kideri", kwa upande mwingine, inastahili ukurasa wake, kwa kuwa majibu yake hubadilika mara kwa mara. Baada ya miezi michache, Search Console ya Google, inayohifadhi taarifa za miezi 16, huonyesha maneno yaliyoileta tovuti mbele ya watu, mara ngapi ilionekana na mara ngapi ilibofywa. Humo mwandishi anaweza kukuta kwamba ukurasa wake wa chanjo huonekana mara kwa mara kwa swali „kuku aliyechanjwa analiwa baada ya siku ngapi", na karibu hakuna anayeubofya, kwa sababu hakuliandikia hata sentensi moja. Aya ya kuongeza atakuwa ameshaijua.