Baharia aliyetolewa katika nyambizi iliyozama: maswali na majibu

Swali: Baharia akitolewa akiwa hai, matibabu gani tena yanahitajika?

Jibu: Huenda sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza. Nyambizi ikitoboka, maji yanayoingia huibana hewa iliyobaki, na waliomo huivuta ikiwa na mgandamizo mkubwa, hivyo kadiri saa zinavyopita naitrojeni huyeyuka kwa wingi katika damu na mafuta ya mwili. Wakitolewa ghafla, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu yanayoumiza viungo, na yakifika kwenye uti wa mgongo au ubongo huweza kupoozesha au kuua. Ndiyo maana inafaa wahamishwe, bila mgandamizo kushuka njiani, hadi kwenye chemba maalumu, yaani chumba kilichofungwa kabisa, ambamo mgandamizo hushushwa polepole kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa, wakiwa na mhudumu wa afya ndani.

Swali: Wakiwa bado chini, hatari kubwa ni kukosa oksijeni?

Jibu: Mara nyingi hewa ya ukaa hutangulia. Kwa kawaida tunaivuta kwa takriban asilimia 0.04, ikifikia 3 kichwa huuma na pumzi huenda mbio, ikipita 6 akili huvurugika, na mgandamizo ukipanda kiwango hicho hicho hudhuru zaidi. Kemikali za kuifyonza husaidia, na mabaharia huagizwa kulala watulie. Lakini baridi huwatetemesha, na mwili unaotetemeka huzalisha hewa hiyo kwa wingi.

Swali: Wapo waliowahi kuokolewa?

Jibu: Wapo. Mwaka 1939 watu 33 wa nyambizi ya Marekani, Squalus, walitolewa kwa chemba ya uokoaji iliyoteremshwa kutoka melini, kutoka kina cha mita 74 hivi. Katika Kursk ya Urusi, mwaka 2000, mabaharia 23 walinusurika milipuko, lakini inasikitisha kwamba hakuna aliyefikiwa akiwa hai.

Swali: Sisi wa Mbeya yanatuhusu nini?

Jibu: Mapovu hayo humpata pia mzamiaji wa mtungi wa hewa katika Ziwa Nyasa. Anayezamia Matema, wilayani Kyela, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, kisha akapanda siku hiyo hiyo hadi Mbeya, karibu mita 1,700, huzidisha hatari kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kabla ya kupanda ndege, wazamiaji hushauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na 18 baada ya mizamio mingi. Kwa safari hii ya milimani pia ni busara kuufuata ushauri huo. Akipata maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu wa miguu, alazwe chali, apewe oksijeni tupu, asirudishwe majini, na daktari aelezwe mara moja kwamba alizamia, maana kule Kyela ni rahisi uchovu na maumivu hayo kudhaniwa kuwa malaria.